Kifundo cha mguu kinachoteguka mara kwa mara: pima kwanza kukaza kwake

Mtu ambaye kifundo chake cha mguu huteguka kila mara hudhani kwamba tatizo lake ni ulegevu tu, ilhali mara nyingi kifundo hicho hicho huwa kimekaza pale goti linapotakiwa kupita mbele ya vidole, kama wakati wa kuchuchumaa au kushuka ngazi. Jipime nyumbani: simama ukielekea ukuta, peleka goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka, rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi mwisho wa uwezo wako, kisha pima kwa rula kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Pima miguu yote miwili; vipimo vikitofautiana kwa sentimita 2 au zaidi, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Anaweza kutumia mbinu ya Brian Mulligan, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, ambapo mgonjwa hukanyaga stuli, mkanda huvuta muundi mbele huku kiganja cha mtaalamu kikizuia talasi (mfupa wa kifundo ulio chini tu ya muundi) usiufuate, na mgonjwa mwenyewe hupeleka goti mbele taratibu. Haipaswi kuuma (hapa ndipo inapotofautiana na mkandaji anayevuta mpaka mguu ulie), na ikiuma, sema papo hapo ili mvuto urekebishwe. Omba upimwe tena ukutani kabla ya kuondoka, na siku hiyo hiyo anza kujizoeza kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Kifundo kilichovimba upya, au kisichokanyagika, kisivutwe na yeyote kabla ya kuchunguzwa.