Jifunze usimbaji fiche kwa kuutazama

Ukianza kujifunza usalama wa mtandao, AES na RSA, mbinu za usimbaji fiche (kuficha data kwa hesabu), ziweke kando kwanza. Pakua Wireshark, programu ya bure inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao, uiwashe kwenye kompyuta yako na WiFi ya nyumbani kwako. Ya kwako tu. Kuchungulia mtandao wa watu bila ruhusa ni kosa.

Fungua neverssl.com, tovuti isiyotumia HTTPS, yaani data yake haifichwi njiani. Kwenye kichujio andika http, bofya kulia pakiti (kipande cha data) moja, chagua Follow, kisha HTTP Stream. Ukurasa wote utausoma kama barua isiyo na bahasha.

Sasa fungua sw.wikipedia.org na uchuje kwa tls, itifaki inayoficha data ya HTTPS. Maandishi yamegeuka vurugu tupu. Lakini ingia kwenye Client Hello, ujumbe wa kwanza ambao kompyuta yako huutuma kwa tovuti, na hapa usiwe na haraka: chini ya server_name jina la tovuti bado linasomeka, ila makala unayoisoma haionekani. Karibu na hapo kuna key_share, sehemu ya mbinu ya Diffie na Hellman ya mwaka 1976, inayoziwezesha pande mbili kukubaliana siri huku mdukuzi akisikiliza. Hesabu yake isome baada ya hapo, itakuingia vizuri zaidi.