Somo: Kupima ukuaji wa vimelea vya malaria kwa SYBR Green I

Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ikishakomaa haina kiini, hivyo haina DNA. Ukikuta DNA humo, ni ya kimelea. SYBR Green I ni rangi: ikishika DNA hung'aa kijani, na vimelea vikizaliana mwanga huongezeka. Kwa njia hii tunaona kama dawa inazuia ukuaji wao.

Hatua ya kwanza ni kusafisha damu, na hapa nakusihi usiharakishe. Chembe nyeupe zina kiini, na mwanga wake utauhesabu kama wa vimelea. Ukishazungusha damu kwenye sentrifuji, tazama mrija kwa karibu: juu ya wekundu pana utando mwembamba wa kijivu. Uvute wote kwa pipeti, hata ukipoteza wekundu kidogo, kisha osha na kurudia mara mbili au tatu.

Hatua ya pili: tia kwenye sahani ya visima 96 vimelea vya P. falciparum (aina mojawapo ya vimelea vya malaria) vikiwa bado pete, yaani vichanga, asilimia 0.5 hadi 1 ya chembe ziwe zimeambukizwa, hematokriti (sehemu ya ujazo iliyo chembe nyekundu) asilimia 2. Weka humo dawa unayoijaribu. Tenga pia visima vya vimelea bila dawa, na vya damu isiyo na vimelea.

Hatua ya tatu: nyuzi 37, saa 72, oksijeni asilimia 5, kabonidayoksaidi 5, iliyobaki naitrojeni.

Hatua ya nne: gandisha sahani, iyeyushe, ongeza bafa (kimiminika) yenye saponini na Triton X-100, vinavyopasua chembe, na SYBR Green I mikrolita 0.2 kwa kila mililita. Iache gizani kwa saa moja. Soma kwa mwanga wa nanomita 485, upokee 530, kisha toa namba ya damu tupu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mzunguko wa kimelea ndani ya chembe ni saa 48. Kwa nini 72?
Jibu: Ili kizazi kipya kiingie kwenye chembe nyingine na kianze kukua. Hapo kisima chenye dawa na kisicho na dawa hutofautiana waziwazi.

Swali: Visima vya pembezoni vinanipa namba za ajabu.
Jibu: Hukauka mapema. Vijaze maji, usivitumie kwa majaribio.

Swali: Basi darubini niiache?
Jibu: Hapana. Rangi haijui kimelea hai na kilichokufa juzi. DNA ya wote wawili hung'aa. Namba ikikutia shaka, rudia jaribio na safari hii, kabla ya kugandisha sahani, chukua tone kisimani, paka slaidi ya Giemsa (rangi ya kuonyesha vimelea), uangalie kwa darubini.