Taa ya ukungu iliyofifia: msasa wa maji kwanza, kisha vanishi

Kwa sisi tunaolaza magari karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, hili nimelifanya juzi na limenifaa. Kwanza mwagia taa maji. Iking'aa ikiwa imelowa, basi ubovu uko juu ya plastiki na unatibika nyumbani. Jua limekula utando wa kinga, mchanga nao umeukwaruza. Dawa ya meno husaidia siku chache tu kwa sababu haiutoi utando uliokufa. Utoe wote: osha, bandika tepu ya karatasi kuzunguka taa ili usikwaruze rangi ya bampa, sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, ukilowesha muda wote. Taa itakuwa nyeupe kama tui. Usishtuke. Kausha, futa kwa spiriti, kisha puliza vanishi angavu ya kopo, ile inayozuia miale ya jua, mara mbili na kwa wepesi. Vanishi hujaza mikwaruzo ya msasa na uangavu unarudi hapo hapo. Usipoipuliza, plastiki iko uchi na itafifia upya haraka. Fanya alfajiri kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi.

Haifai kama matone yako ndani. Hapo ifungue, ikaushe, uzibe ufa kwa silikoni. Na kama taa yako ni ya kioo halisi, usiiguse kwa msasa kabisa.