Camaro au Corvette ya zamani imegoma kuwaka? Pima kidonge cha ufunguo kabla ya kununua starta

Chanzo kinaweza kuwa mfumo wa kuzuia wizi wa General Motors, uitwao VATS au PASS-Key. Ulianza na Corvette ya 1986, kisha ukaingia kwenye Camaro, Firebird na magari mengine ya kampuni hiyo. Kidonge cheusi kilicho kwenye bapa la ufunguo kina rizista (kipande kinachokinza mkondo wa umeme), yenye moja kati ya thamani 15, kuanzia omu 402 hadi 11,800. Moduli, yaani kikasha cha elektroniki cha mfumo huu, hupima ukinzani huo. Usipolingana na ule inaoutambua, rilei ya starta (swichi ya umeme inayoiwasha) haifungi na nozeli hazimwagi petroli.

Tazama dalili kwanza. Starta ikiwa kimya kabisa, taa za mbele zinang'aa vizuri na taa ya SECURITY haizimi, shuku mfumo huu. Starta ikigonga tik-tik huku taa zikififia, hiyo ni betri au vichwa vyake vimeshika kutu.

Moduli ikisoma thamani isiyo sahihi, hujifunga kwa takriban dakika 4. Ukijaribu tena mapema, hata ufunguo mzima utakataliwa, na hapo ndipo wengi hubadilisha vifaa visivyo na kosa. Zima, chomoa ufunguo, ngoja dakika 5 kamili.

Safisha pande zote mbili za kidonge kwa kifutio cha penseli, kisha spiriti. Weka mita kwenye omu, gusa pande hizo, andika namba. Isiposoma kitu, kidonge kimekufa. Chonga ufunguo mpya wenye thamani ileile ya kidonge cha awali.

Ufunguo ukiwa mzima, kosa huwa kwenye nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye silinda ya ufunguo na kushuka ndani ya nguzo ya usukani, mara nyingi ndani ya ala ya rangi ya chungwa. Hujikunja kila ufunguo unapozungushwa, mwishowe hukatika ndani huku ganda likionekana zima. Toa waya hasi wa betri. Chini ya dashibodi chomoa soketi ya nyaya hizo na upime upande wa usukani, ufunguo ukiwa ndani. Namba iwe ileile uliyoandika. Zungusha ufunguo taratibu, inua na shusha usukani: namba ikirukaruka au kupotea, umelipata kosa.

Tiba kamili ni silinda mpya pamoja na nyaya zake. Gari lenye eabegi, kazi hiyo mwachie fundi anayeijua, maana usukani lazima ufunguliwe.

Wapo wanaolehemu rizista ya kudumu yenye thamani ya kidonge upande wa moduli, ya robo wati na yenye kosa lisilozidi asilimia 1. Kwa mfano, kidonge kikiwa cha omu 2,370, unganisha rizista za omu 2,200, 150 na 22 kwa mfululizo. Gari litawaka, lakini kuanzia hapo ufunguo wowote wenye meno sahihi utaliwasha. Ukiliuza, mwambie mnunuzi.

Starta ikizungusha injini bila petroli, nyaya za ufunguo hazina kosa: fuata waya wa ishara kutoka moduli hadi kompyuta ya injini. Na ufunguo usio na kidonge, kama wa PASS-Key III (toleo la baadaye la mfumo huu), hutumia mawimbi ya redio. Vipimo hivi haviuhusu.