Somo: Namna ya kuandika ombi la S10 kwa kifaa cha maabara ya pamoja

Habari zenu ndugu. Mwenzetu mmoja aliye kwenye maabara ya chuo huku Marekani amekabidhiwa andiko la S10, yaani ombi la ruzuku ya kununua kifaa cha maabara, na mkuu wake, akaambiwa "lipitie kidogo". S10 haipitiwi kidogo. Mimi nasimamia hadubini za pamoja, na nimeshiriki kuandika maombi mawili: la kwanza lilikataliwa, la pili likapita. Nawaandikia nilichojifunza kati ya hayo mawili.

S10 ni ruzuku ya NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Ilianza 1982, wakati vifaa vya utafiti wa tiba vilishakuwa ghali kuliko uwezo wa mtafiti mmoja. Inanunua kifaa kimoja kinachopatikana sokoni, cha kutumiwa na wengi. Hailipi mishahara wala matengenezo, na ile asilimia ambayo chuo hujikatia kwenye ruzuku nyingine hapa haipo. Chuo pia hakilazimiki kuchangia bei.

Hatua ya 1: Chagua mlango, yaani aina ya S10 utakayoomba. Iko mitatu, nayo hutajwa kwa vifupisho. BIS huanzia dola 25,000 na ni ya taasisi ambazo hazijapata S10 kubwa miaka ya karibuni. SIG huanzia dola 50,000. HEI ni ya vifaa vizito, hadi dola 2,000,000. Mpaka kati ya SIG na HEI husogezwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba, usitegemee andiko la zamani la jirani.

Hatua ya 2: Tafuta watumiaji wakuu. Wawe angalau watatu, kila mmoja na ruzuku hai ya utafiti kutoka NIH. Angalia tarehe za mwisho. Ruzuku itakayokwisha kabla mashine haijafungwa haikubebi.

Hatua ya 3: Jedwali la saa ambazo kila mtafiti atatumia mashine. Hapa ndipo andiko linapopona au kufa, kwa hiyo tutulie kidogo.

Chukua saa 40 kwa wiki, wiki 50: saa 2,000. Toa saa za usafi, marekebisho na mafunzo, tuseme 200. Zimebaki 1,800. Sasa keti na kila mtafiti umuulize: sampuli ngapi kwa mwezi, kila moja inakaa kwenye mashine dakika ngapi? Maabara ya figo ikihitaji saa 400, ya malaria 350 na ya neva 300, jumla ni 1,050, yaani kama asilimia 58. Sehemu iliyobaki wape watumiaji wadogo, nao kwa hesabu, si kwa kukisia.

Andiko letu la kwanza lilikuwa na tarakimu kama 300, 300, 300. Mkaguzi mmoja wa maombi aliandika kwamba haoni zimetoka wapi, na alisema kweli, maana tulizigawa tu mezani. Safari ya pili nilichapisha kalenda ya miadi ya hadubini ya zamani ya mwaka mzima. Ilionyesha wanafunzi wanaoandikisha saa 5 usiku kwa kukosa nafasi mchana, na siku 23 ambazo mashine ilisimama kwa sababu leza ya buluu imechoka. Ukurasa ule ulisema zaidi ya aya zetu zote.

Hatua ya 4: Tetea aina uliyochagua. Pata ankara kifani kutoka kwa muuzaji. Linganisha na mashine za kampuni nyingine, na ukiweza peleka sampuli zenu zikajaribiwe, picha uziweke ndani. Kila kifaa cha ziada cha mashine kitajwe pamoja na jina la mtu anayekihitaji. Kisicho na mwenyewe kitoe.

Hatua ya 5: Barua ya chuo. Wengi huiacha hadi wiki ya mwisho, kisha wanaletewa maneno matamu yasiyo na ahadi. Itaje chumba, umeme, fundi atakayeendesha, na nani atalipa mkataba wa matengenezo dhamana ya muuzaji ikiisha. Yetu ya kwanza ilisema chuo "kinaunga mkono" tu, na kwa hilo nalo tulikatwa alama.

Hatua ya 6: Unda kamati ya ushauri, andika utaratibu wa miadi na ada. Ukurasa mmoja ulionyooka unatosha.

Maswali ya wanachama

*Sisi tuna watafiti wawili wa NIH, wa tatu analipwa na NSF, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Tunaruhusiwa?*
Huyo wa tatu muweke kama mtumiaji mdogo, mtafute mwingine wa NIH. Uliza hata idara ya pili au shule ya meno. Mara nyingi yupo mtu anayesafirisha sampuli mji mwingine kwa kukosa kifaa hicho hicho.

*Niko maabara ya Mwanza. Naweza kuomba?*
Hapana ndugu yangu, S10 ni ya taasisi zilizo Marekani. Lakini kama mko kwenye mradi wa NIH na mwenzenu wa huku, sampuli zenu zinaweza kupimwa kwenye kifaa chake, na saa za kuzipima zikahesabiwa chini ya mradi huo. Mwambieni mapema, kabla hajafunga jedwali. Kwa mfadhili mwingine yeyote, hatua ya 3 na ya 5 zitakufaa vilevile.

*Mashine ikishafika, tunaweza kutoza ada?*
Mnaweza, ili kulipia matengenezo na fundi. Viwango vipitishwe na ofisi ya fedha ya chuo. Halafu wekeni rekodi ya kila saa kwa jina la mradi tangu siku ya kwanza, kwa sababu NIH watataka ripoti ya mwaka ya nani ametumia nini, na kuifufua kutoka kwenye barua pepe za zamani kunakula wiki nzima.