Kuingia Lubumbashi kwa Gari la Kulala, kwa Ajili ya Gitaa

Ukitokea Zambia kupitia Kasumbalesa, vuka mpaka asubuhi mapema, kwa kuwa foleni ya malori huweza kula siku nzima, na ukumbuke kwamba upande wa Kongo magari hupita kulia, jambo linalomsumbua dereva wa gari pana hasa kwenye mizunguko. Kutoka hapo hadi mjini ni takriban kilomita 90. Usilale kando ya barabara. Omba nafasi katika ua wenye mlinzi, parokiani au hotelini, na mpatane bei kabla hujazima injini.

Gari likiisha kutulia, liache hapo, upande teksi. Makumbusho ya Taifa ni ya mchana. Jioni nenda Kenya, mtaa wa Lubumbashi wenye jina hilo, ambako michopo, yaani vipande vya nyama, huchomwa karibu na spika. Lakini anayetaka gitaa lenyewe la eneo hili la Katanga aendelee kilomita 120 hivi hadi Likasi, zamani Jadotville, ambako mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952. Msikilize Mwenda njiani: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu yake. (Mimi ningeacha hata makumbusho.)