Somo: Bunge limevamiwa, sasa mwanasiasa unamshikaje? (someni kabla hamjanijia saiba)

Haya bismillahi. Hili naliandika mara moja tu, atakayeniuliza tena nampa linki halafu naendelea kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Tangu Bunge la taifa kule Nairobi liingiliwe ile 25 Juni 2024, hapa saiba kwangu Malindi haipiti wiki bila mtu kuja na "nichapie barua ya kumshtaki mheshimiwa." Namuuliza kosa lake nini, ananambia si ameiharibu nchi. Sasa mwanangu hilo si kosa, hiyo ni pumzi unashusha. Na wengine wamekesha wakitazama za Marekani na za Brazil, wanataka tukate kanzu ileile tuvae vilevile.

Kabla ya yote. Waliovunja milango na madirisha wana polisi wao na korti yao, somo hili si lao. Hili ni la wale waliovaa suti: aliyechochea, aliyedanganya, au aliyeona akanyamaza na kazi yake ilikuwa kusema.

Hatua ya 1. Mtu mmoja, tendo moja. Ukiandika "wabunge wote" umeshika upepo.

Hatua ya 2. Andika saa. Si siku, saa. Ile kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza mambo ya 6 Januari 2021, wafuasi wa Rais Trump walipovamia Bunge lao, ilihoji mashahidi zaidi ya elfu moja na ripoti yake ina kurasa 845, lakini kilichoganda vichwani mwa watu ni hesabu ya mtoto wa shule: Trump alimaliza kuhutubia umati saa 7:10 mchana, video yake ya kuwaambia waende nyumbani ikatoka saa 10:17. Dakika 187. Ukishaziweka hizo mezani huna haja ya kutukana mtu, swali linajiuliza lenyewe, hizo dakika zote ulikuwa ukifanya nini bwana mkubwa? Basi na wewe chora mstari kwenye karatasi, Ijumaa alisema nini mazishini, Jumanne Bunge linaingiliwa alikuwa wapi, Jumatano akageuza maneno vipi.

Hatua ya 3. Weka ushahidi mapema. Posti ya mwanasiasa ina umri wa kaimati kwenye sahani ya futari. Skrinshoti iwe na tarehe, na jina la akaunti lionekane zima, na linki uinakili pembeni kwa mkono. Klipu itafute ilikotoka, ile iliyopita grupu kumi na mbili imeshakatwa kichwa na mkia na pengine ni ya mkutano wa uchaguzi uliopita.

Hatua ya 4. Kura si uchochezi. Hapa watu wanachanganya sana. Kule Washington, umati uliingia kuzuia hesabu ya kura za urais, na walipotolewa wabunge wakarudi kikaoni usiku uleule, Warepublican 147, chama cha Trump (wawakilishi 139 na maseneta 8), bado wakapiga kura kupinga matokeo ya jimbo moja au zaidi. Majina yao yapo, yanajulikana mmoja mmoja. Lakini kura ile wanaihukumu wapiga kura wao, si polisi. Na huku kwetu Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi, ulipita kwa 195 dhidi ya 106 siku ileile Bunge lilipoingiliwa, kesho yake rais akakataa kuutia sahihi, na majina yamo kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mtu akikwambia yeye alipinga usibishane naye barazani mpaka kahawa ipoe, fungua Hansadi tu. Na jueni Ibara ya 117 ya katiba inamlinda mbunge kwa anachosema ndani ya ukumbi. Alichokisema juu ya gari pale sokoni hakimo humo.

Hatua ya 5. Kila kosa na mlango wake. Hii ndiyo somo lenyewe, zilizobaki ni kachumbari.

Tazama Brazil. 8 Januari 2023 watu wakavamia Bunge, Mahakama ya Juu na ikulu yao. Bolsonaro mwenyewe, rais aliyetoka kushindwa uchaguzi, hata nchini hakuwemo, alikuwa Florida. Sasa mtu wa pupa angesema haya basi, kapona. Lakini kesi iliyomfungia uchaguzi haikungoja huo uvamizi. Mahakama ya uchaguzi ilishika kikao kimoja, cha Julai 2022, alipowaita mabalozi wa nchi za nje makazi ya rais akausema vibaya mfumo wa kura huku runinga ya serikali inarusha. Kikao kimoja! Juni 2023 majaji watano kwa wawili wakamzuia kugombea mpaka 2030. Ile kesi kubwa ya kupanga mapinduzi ikaja kwa mlango mwingine kabisa, na Septemba 2025 akahukumiwa miaka 27 na miezi mitatu.

Marekani waligonga milango mingi na mingi haikufunguka. Katiba yao ina kifungu, Marekebisho ya 14, kwamba aliyekula kiapo cha kuilinda katiba halafu akashiriki uasi asishike tena ofisi. Colorado wakakitumia kumtoa Trump kwenye karatasi ya kura, Mahakama ya Juu ya nchi Machi 2024 ikasema majimbo hayana nguvu hiyo kwa vyeo vya kitaifa, majaji wote tisa. Lakini kifungu hichohicho kilimng'oa Couy Griffin, kamishna wa kaunti moja New Mexico, Septemba 2022, kwa sababu cheo chake kilikuwa cha jimbo. Dagaa akanaswa, papa akapita, na wavu ni uleule.

Kwetu sasa. Chuki za kikabila mkutanoni, Tume ya Uwiano na Utangamano. Uchochezi wa kuvunja na kuumiza, polisi wa upelelezi. Kuvunja maadili ya uongozi, Sura ya Sita ya katiba, EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Unataka Bunge lenyewe lichunguze jambo, ombi chini ya Ibara ya 119. Unataka karatasi waliyoificha, Ibara ya 35, na sheria ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu, na unaweza kuiandika kwa Kiswahili, msidanganywe eti lazima Kizungu. Polisi waliopiga risasi wana IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, wale si wanasiasa, usiwatie kwenye barua hii.

Hatua ya 6. Sahihi. SOMENI POLEPOLE HAPA maana mimi niliungua.

Baada ya ule mwezi wa Juni niliandika ombi zuri, wallahi zuri, nililisoma mara tatu. Likabaki suala la sahihi. Nikachana karatasi za daftari la mistari nikampa kijana mmoja azungushe, barazani baada ya alasiri, kwenye foleni ya mahamri, kwa wavuvi, kila mahali. Akarudi na mia mbili na kitu nikafurahi kama bwana harusi, nikazibana na stepla nyuma ya ombi, nikapeleka. Likarudi. Ofisi siitaji, kosa lilikuwa langu. Kanuni za kudumu za Bunge la Taifa zinataka sahihi iandikwe juu ya ombi lenyewe, si kubandikwa wala kuhamishwa kutoka karatasi nyingine, na ombi likiwa na kurasa zaidi ya moja kila ukurasa uonyeshe linahusu nini. Karatasi zangu hazikuwa na kichwa. Yaani mia mbili hao wangeweza kuwa wamesaini harusi au mchango wa madrasa, nani ajue. Tena nilipozikagua mwenyewe nikaona kuna nyumba moja watu saba wana mwandiko mmoja, kijana aliwasainia mpaka bibi yake, na bibi yake alishafariki.

Kwa hivyo: chapa kila ukurasa na kichwa cha ombi juu kabisa. Jina, anwani, nambari ya kitambulisho, sahihi. Asiyeandika aweke dole gumba. Usisainie mtu hata kama ni mama yako na amekutuma. Usikwangue wala kupaka ile dawa nyeupe, ombi halitakiwi kuwa na marekebisho, ukikosea chapa upya (shilingi kumi, sikuibii). Usiambatishe barua na makaratasi mengine nyuma. Sema ulishajaribu wapi kabla na wakakujibu nini, sema kama jambo liko kortini au haliko. Na mwisho uombe kitu, kwa adabu. Wengi wanalalama kurasa nne halafu hawaombi chochote.

Hatua ya 7. Nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri hukwenda.

Hatua ya 8. Piga simu kila baada ya wiki mbili. Andika uliyesema naye.

MASWALI

Mgeni03: Kwa ufupi tumfanye nini sasa

Hatua ya 1 mpaka ya 8.

Kijana wa Barani: bro mimi nina klipu anachochea wazi kabisa niirushe kila grupu watu wamjue

Imetoka wapi? Ya lini? Nani aliirekodi?

Kijana wa Barani: nilitumiwa tu

Basi usirushe. Kuna sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, utaitwa wewe kituoni na yeye yuko kwake anakunywa madafu. Hatua ya 3 niliiandika kwa Kiswahili.

Mzalendo Halisi: We naona unawatetea, upande gani uko? Mbona hutaji majina ya hapa Kilifi?

Sitaji jina ambalo sina faili lake. Wewe unalo? Lilete, nakuchapia bure, sina mchezo. Bunge la kaunti liko hapahapa Malindi, unapita mlangoni kila siku. Na usinifanyie hivyo vya upande upande, nimekuwa nikifanya kazi hii nikiwa nalala njaa.

Binti wa Chuo: Asalam alaykum kaka. Naomba kuuliza, nimesoma kwamba kesi ya Trump kule Seneti 57 walisema ana hatia na 43 wakasema hana. Sasa waliosema ana hatia si ndio wengi, aliponaje?

Waalaykum salaam, swali zuri hili dada, haya ndiyo napenda. Kule kumshtaki rais kuna ngazi mbili. Wawakilishi wanamfungulia mashtaka kwa wingi wa kawaida, na walifanya hivyo 13 Januari 2021, 232 kwa 197. Halafu Seneti inahukumu, na hapo inatakiwa theluthi mbili, yaani 67 kati ya 100. Wakakosa kumi. Warepublican saba walijitoa kwenye chama chao na bado haikutosha. Na ukitaka kujua kwa nini wengine waliogopa: wale wawakilishi kumi wa Republican waliopiga kura ya kumshtaki, uchaguzi uliofuata walirudi wawili tu. Liz Cheney, makamu mwenyekiti wa ile kamati ya uchunguzi, aliangushwa kwenye mchujo wa chama chake Agosti 2022. Kwa hivyo unaona, mlango wa Seneti ulikuwa na wenye funguo wanaohofia kazi zao. Ndiyo maana nasema chagua mlango kwa kumtazama bawabu pia. Ukipata muda linganisha na Brazil, kule waliohukumu walikuwa majaji, hawagombei kiti.

Binti wa Chuo: Na wale waliovamia wenyewe?

Wengi walifungwa, halafu 20 Januari 2025 Trump aliporudi aliwasamehe, watu kama 1,500 hivi. Lakini msamaha haufuti kurasa 845.

Fundi Dau: Mimi niko Lamu, kisiwani. Lazima niende Nairobi na hilo ombi? Nauli ya mashua na basi nitaiweza wapi

Hapana mzee wangu. Linakwenda kwa Karani wa Bunge, na pia mbunge anaweza kuliwasilisha kwa niaba yako. Si lazima awe wa kwako, hasa kama wa kwako ndiye mlalamikiwa, tafuta aliye kwenye kamati inayohusika. Ukituma kwa gari la mizigo weka risiti.

Pwani Moja: Si tumrudishe tu nyumbani kwa kura? Katiba inaruhusu.

Ibara ya 104 inaruhusu wapiga kura kumng'oa mbunge kabla muhula haujaisha, ndiyo, lakini utaratibu wake uko kwenye sheria ya uchaguzi na Mahakama Kuu mwaka 2017 ilibatilisha vifungu vyake kadhaa. Msizunguke na fomu mkiwaahidi watu kumng'oa mtu kesho. Na nani amekuuzia hizo fomu?

Pwani Moja: jamaa mmoja pale stendi, mia mbili

Kadai pesa yako.

Mama Mahamri: Mwanangu na sisi tulioingia Bungeni Juni si sawa na wale wa Marekani? Maana mume wangu anasema ni kitu kimoja.

Mama, si kimoja. Wale walikwenda kuzuia mshindi wa uchaguzi asitangazwe, wakisukumwa na aliyeshindwa. Wetu walikwenda kwa ajili ya kodi, wengine hawakurudi majumbani. Mpe salamu mzee, mwambie asome hatua ya 4. Na asante kwa kutushikia foleni siku ile ya sahihi.

Mama Mahamri: Haya. Ila wino wa dole gumba ule haukunitoka siku tatu, nilikuwa nakanda unga kwa mkono mmoja.

Ndimu na chumvi, sugua kabla haujakauka.

Fundi Dau: Ndimu haifanyi kitu. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu sabuni ya kipande. Sisi lami inatoka hivyohivyo.

Mama Mahamri: mafuta ya taa kwenye mkono wa mahamri Fundi?